USIONE VYAELEA, VIMEUNDWA: MAISHA YA EDMOND ALBIUS, MTOTO WA VANILA

Katika toleo hili wenzangu wameandika juu ya wafalme, washairi na wapigania uhuru. Mimi nimemchagua mtu ambaye hakuwa na jeshi wala diwani ya mashairi. Hata hivyo, jina la kazi yake limo katika makabati ya jikoni hapa Kiembeni. Je, mwakijua kile kichupa cha arki ya vanila tunachotia kwenye keki za Idi na Krismasi? Basi hadithi ya kichupa kile haiwezi kusimuliwa bila kumtaja kijana mmoja mtumwa, Edmond Albius.

Kuzaliwa Kwake

Edmond alizaliwa mwaka 1829 huko Sainte-Suzanne, katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo chaitwa Réunion. Kisiwa hicho kiko mashariki ya Madagascar, katika Bahari hii hii ya Hindi inayopiga fukwe zetu za Bamburi na Nyali. Mama yake, Mélise, alifariki wakati wa kumzaa. Kwa sheria za wakati ule mtoto wa mtumwa alikuwa mtumwa, kwa hivyo Edmond alifumbua macho akiwa yatima na akiwa mali ya mtu. Jina la ukoo hakuwa nalo. Aliitwa Edmond tu, basi.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya yako mbali nasi. Watumwa wengi wa mashamba ya visiwa vile walitolewa Madagascar na katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Kwa hivyo katika mashamba yale walikuwamo watu wa upande wetu, na jasho lao limo katika utajiri wa visiwa vile.

Bwana wa Edmond aliitwa Féréol Bellier-Beaumont. Alikuwa mkulima aliyependa sana elimu ya mimea, na akawa na mazoea ya kutembea bustanini na mtoto huyu. Edmond hakupelekwa shule, lakini bustani ile ilikuwa darasa lake. Humo alifundishwa jinsi ya kuchavusha kwa mkono mmea mmoja wa jamii ya matikiti, yaani kuchukua unga wa ua dume na kuutia katika ua jike. Somo lenyewe lilikuwa dogo, lakini mtoto alilitia akilini.

Fumbo la Vanila

Vanila ni mmea wa jamii ya okidi unaotambaa juu ya miti, na asili yake ni Mexico na nchi jirani. Wafaransa waliupeleka Bourbon kati ya mwaka 1819 na 1822. Mmea ulistawi, ukatambaa, ukatoa maua, lakini kuzaa ulikataa kabisa! Sababu ni kwamba ndani ya ua la vanila kuna kiwambo chembamba kinachotenga sehemu ya kiume na ya kike. Kule Mexico wako nyuki wa huko wanaoifanya kazi ya kuziunganisha, lakini Bourbon nyuki hao hawakuweko. Tena ua lenyewe lafunguka asubuhi, na ikifika alasiri lishanyauka. Lisipochavushwa siku hiyo hiyo, basi tena.

Wataalamu wa Ulaya walikuwa wakilitafuta jawabu. Mwaka 1836 Charles Morren, mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, alifaulu kuzalisha vanila kwa mkono huko Liège. Lakini njia yake haikuwa ya kumfaa mkulima mwenye maelfu ya maua ya kushughulikia kwa asubuhi moja.

Sasa sikilizeni ajabu. Mwaka 1841 Bellier-Beaumont alikuwa akizunguka shambani na Edmond, ambaye alikuwa na miaka 12 hivi. Bwana alikuwa na mvanila mmoja uliokaa karibu miaka 20 bila ya kuzaa chochote. Siku hiyo akaona maganda yananing'inia! Alipostaajabu, Edmond akamweleza kuwa ni yeye aliyeyachavusha maua. Bwana hakuamini. Mtoto gani huyu ajue lililowashinda mabingwa? Siku chache baadaye maganda mengine yakatokea, ndipo akamtaka Edmond aonyeshe alivyofanya.

Edmond akashika ua, akalipasua taratibu, akachukua kijiti chembamba, akakiinua kile kiwambo, kisha kwa kidole gumba akausukuma unga wa kiume ukagusana na sehemu ya kike. Kazi ya sekunde chache tu! Hakuhitaji mashine wala dawa. Wazungu waliokuwa jirani wakaanza kumwita, naye akapelekwa shamba hadi shamba kuwafundisha watumwa wenzake. Wahenga walinena kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Utajiri wa Wengine

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Mwaka 1848 Bourbon ilipeleka Ufaransa kilo 50 hivi za vanila. Kufikia mwaka 1898 ilikuwa yapeleka tani 200 hivi. Ujuzi ukavuka bahari ukaingia Madagascar na Komoro. Leo Madagascar ndiyo inayoongoza duniani kwa vanila, na jirani zetu wa Uganda nao wailima. Wote hao wachavusha kwa mkono, ua moja moja, kwa namna ya Edmond.

Naye Edmond alipata nini? Mnamo tarehe 20 Desemba, 1848, utumwa ulifutwa kisiwani na watu zaidi ya 60,000 wakawa huru. Edmond akapewa jina la ukoo, Albius, linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya weupe. Akaenda mjini Saint-Denis kutafuta riziki, akafanya kazi ya jikoni. Uhuru aliupata, lakini mali hakupewa hata senti. Huko mjini akatiwa hatiani kwa wizi wa vito, akahukumiwa kifungo cha miaka mingi na kazi ngumu. Hakimu mmoja wa Sainte-Suzanne, Mézières Lépervanche, akamwombea kwa gavana, akikumbusha jinsi kisiwa kizima kilivyokula matunda ya akili ya kijana huyu. Mwaka 1855 Edmond akaachiliwa kabla ya muda wake kwisha.

Hata sifa yenyewe ilitaka kuporwa. Mtaalamu mmoja mkubwa wa mimea, Jean Michel Claude Richard, alidai kuwa ni yeye aliyeifundisha njia ile kisiwani miaka michache kabla. Bellier-Beaumont, ingawa alikuwa bwana wa kumiliki watu, alisimama kidete katika jambo hili na akaandika kumtetea Edmond. Kama si barua zile, huenda leo jina tungelikuwa nalo jingine. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Edmond Albius alifariki tarehe 9 Agosti, 1880, hospitalini Sainte-Suzanne, akiwa fukara. Leo mji huo una sanamu yake. Sanamu ni jambo jema, lakini haili wala haivai. Mimi naona afadhali angelipewa kipande cha mkate akiwa hai.

Arki ya Nyumbani

Ndugu msomaji, vichupa vingi vya bei nafuu madukani havina vanila hata chembe. Vimetiwa vanilini, kitu kinachotengenezwa viwandani tangu miaka ya 1870. Vanila ya kweli ni ghali kwa sababu ya mikono: ganda lakaa mtini miezi tisa hivi, kisha latiwa katika maji ya moto, lafunikwa kwa mablanketi litoe jasho, laanikwa juani na kuhifadhiwa kwa miezi.

Ukipata maganda ya kweli, arki waweza kujitengenezea nyumbani. Chagua yaliyo meusi, laini, yanayopindika bila ya kukatika. Yapasue kwa urefu, yatie katika chupa safi ya kioo, umimine kileo kikali hadi yafunikwe yote. Kipimo cha kisheria cha Marekani ni gramu 100 hivi za vanila kwa lita moja, na kileo kisipungue asilimia 35. Weka kabatini pasipo mwanga, tikisa mara moja kwa juma, na usiwe na pupa: miezi miwili ni mwanzo tu, miezi sita ndiyo utamu.

Lakini kwetu pwani nyumba nyingi haziingizi kileo, hata nyumbani kwetu. Kwa hivyo shangazi yangu, ambaye huoka keki za kuuza, hutumia sukari ya vanila. Ganda moja lililopasuliwa hufukiwa katika nusu kilo ya sukari ndani ya kopo linalofunga vizuri. Baada ya wiki mbili sukari yote yanukia. Tia kwenye keki au hata kwenye chai ya maziwa. Ukiifunga katika kichupa kizuri na utepe, ni zawadi ya Idi ambayo jirani hataisahau.

Hitimisho

Wenzangu, nimejifunza mambo mawili. La kwanza, elimu si ya wenye vyeo peke yao. Mtoto asiyejua hata herufi alifumbua fumbo kwa sababu alitazama kwa makini na hakuogopa kujaribu. La pili, kila kilicho kitamu mezani pana mtu aliyekitolea jasho, na mara nyingi huyo ndiye asiyetajwa. Basi siku utakapoifungua vanila na harufu yake ikaenea jikoni, mtaje Edmond Albius kwa jina lake lote. Ni deni dogo, nalo lalipika.