Rudradaman na majina ya ukoo wake

Kati ya wafalme wa India ya kale, ninayependa kuwajulisha wenzangu wa kitivo cha lugha ni Rudradaman, aliyetawala magharibi ya India katika karne ya 2 baada ya Yesu Kristo. Wanahistoria humkumbuka kwa vita vyake na kwa bwawa alilolijenga upya. Mimi nitamfuata kwa njia ya majina: lake mwenyewe, ya wazee wake, ya watu wake na ya wanawe. Mara nyingi tunasikia jina la mtu, tukaamua kabila lake kabla hajafungua mdomo. Maisha ya mfalme huyu yanatuonya.

Ukoo wake ulitoka kwa Wasaka, ndugu za wale ambao Biblia inawataja kama Waskithi. Walikuwa watu wa farasi kutoka nyika za Asia ya Kati, na lugha yao ilikuwa ya jamii ya lugha za Kiirani. Walipita nchi za Irani, wakaingia India, wakatawala huko kwa cheo cha kshatrapa, neno la Kiirani lenye maana ya mlinzi wa ufalme.

Babu yake aliitwa Chashtana. Alitawala akiwa Ujjain, na sifa zake zilifika mbali hata Ptolemy, mwanajiografia wa Alexandria, akaandika jina lake kwa Kigiriki kama Tiastanes. Baba wa Chashtana aliitwa Ysamotika. Mwandiko wa jina hili ni somo tosha. Maandishi ya Brahmi, yaliyotumika India, hayakuwa na herufi ya sauti z, kwa sababu lugha za huko hazikuihitaji. Waandishi wakaunganisha y na s ili kuonyesha sauti hiyo ya kigeni. Njia hiyohiyo ilitumika Khotan, katika Asia ya Kati, kuandika lugha ya Wasaka wa huko, na katika lugha hiyo ysama ni ardhi. Kwa hiyo jina la Ysamotika linabeba bado udongo wa kwao.

Lakini Chashtana alimwita mwanawe Jayadaman. Jaya ni ushindi kwa Kisanskriti. Jayadaman naye akamwita mwanawe Rudradaman, na Rudra ni mungu wa tufani katika dini ya Wahindi. Kuhusu sehemu ya pili, daman, msomaji wa Kisanskriti husikia kamba au shada la maua. Katika Kiavesta, lugha ya Kiirani yenye udugu na Kisaka, neno daman ni kiumbe. Naona jina la namna hii liliweza kupokewa vizuri na masikio ya pande zote mbili.

Jayadaman hakufikia cheo kikubwa cha mahakshatrapa. Katika mawe ya ukumbusho wa wafu yaliyosimamishwa Andhau, sehemu za Kutch, mwaka wa 130, babu na mjukuu wanatajwa pamoja kama wafalme: Chashtana mwana wa Ysamotika, na Rudradaman mwana wa Jayadaman. Vizazi vinne viko katika mstari mmoja, na majina yanahama kutoka lugha moja hadi nyingine mbele ya macho yetu.

Kufikia mwaka wa 150 Rudradaman alikuwa mahakshatrapa, cheo alichojisifu kukipata kwa nguvu zake mwenyewe. Aliwashinda Wayaudheya, watu wa vita wa kaskazini. Alimpiga mara mbili Satakarni, mfalme wa Dekani, lakini hakumwangamiza, kwa sababu walikuwa na undugu wa karibu.

Mwaka huo tufani ilivunja bwawa la Sudarshana, karibu na mlima wa Girnar. Pengo lilikuwa na urefu wa dhiraa 420, upana kama huo, na kina cha dhiraa 75. Washauri wa mfalme walikataa kazi hiyo kwa ukubwa wake, na wananchi wakakata tamaa. Rudradaman akalipia ukarabati kwa hazina yake, bila kuwatoza watu kodi mpya wala kuwafanyisha kazi ya shuruti. Kisha akaandikisha habari zote juu ya mwamba.

Mwamba huo unataja watatu walioshughulikia bwawa katika nyakati mbalimbali. Wa kwanza ni Pushyagupta, Mhindi, wakati wa Chandragupta Maurya. Wa pili ni Tushaspha, wakati wa Ashoka: anaitwa Myavana, yaani Mgiriki, lakini jina lake ni la Kiirani, na mwishoni mwake mna neno la farasi. Wa tatu ni Suvishakha, mtumishi wa Rudradaman mwenyewe. Jina lake ni la Kihindi kabisa, lakini mwamba unasema yeye ni Mpahlava, yaani Mparthi, mwana wa Kulaipa. Kama jina lake peke yake lingebaki, tungemhesabu kuwa Mhindi wa tangu zamani.

Jambo linalonishangaza zaidi ni lugha ya mwamba huo. Wakati ule wafalme wa Dekani, wenyeji wa India, waliandika matangazo yao kwa Kiprakriti. Mjukuu wa Wasaka ndiye aliyetumia Kisanskriti, tena kwa maandishi marefu yenye ufundi, akijisifu kwamba anajua sarufi, muziki na mantiki.

Je, alisahau asili yake? Hapana. Aliendelea kuitwa kshatrapa mkuu, kwa cheo cha Kiirani. Mwanawe mmoja aliitwa Rudrasimha, jina la Kihindi. Mwingine, katika baadhi ya sarafu, anaandikwa Damaysada, na ile ys ya babu wa babu yake inarudi. Katika nyingine jina lake limevikwa Kisanskriti, Damajadasri.

Kwangu mimi, jina linatuambia wazazi walitaka mtoto wao asikike namna gani, na mbele ya nani. Damu yake halituambii. Anayetaka kujua asili ya mtu aulize pia jina la baba, jina la mtoto, na lugha ambayo mwenyewe alichagua kuandika.