Marehemu John Michuki na Mshale wa Themanini

Wengi wetu katika shule hii tulikuwa hatujazaliwa, au tungali mgongoni mwa mama zetu, Mheshimiwa John Njoroge Michuki alipoaga dunia tarehe 21 Februari 2012. Hata hivyo jina lake twalisikia hadi leo. Askari akisimamisha matatu na kuanza kuhesabu abiria, utasikia mtu akinong'ona kwamba hizo ni sheria za Michuki. Basi ni nani huyo? Na kwa nini kazi yake yaweza kuharibiwa na kigurudumu cha plastiki kinachotoshea kiganjani?

Michuki alizaliwa mwaka wa 1932 huko Kangema, Murang'a. Alisoma kwa bidii hadi akafika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Baada ya uhuru alikuwa Katibu Mkuu katika Wizara ya Fedha, na kati ya 1970 na 1979 akawa mwenyekiti wa benki ya KCB. Mwaka wa 1983 watu wa Kangema walimchagua kuwa mbunge wao. Alijulikana kwa ukali wake. Akishasema jambo, amesema.

Mwaka wa 2003 Rais Mwai Kibaki alimteua kuwa Waziri wa Uchukuzi. Siku hizo matatu zilikuwa na vituko! Abiria walipangwa kama dagaa, makanga wakaning'inia mlangoni, na dereva alikimbia apendavyo. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Michuki alitoa sheria mpya, nazo zikaanza kutumika tarehe 1 Februari 2004. Kila kiti kiwe na mkanda. Nissan ibebe abiria 14 tu. Gari lichorwe mstari wa manjano, dereva na makanga wavae sare. Na kubwa kuliko yote, gari lifungwe kidhibiti mwendo lisipite kilomita 80 kwa saa.

Magari mengi hayakuwa tayari, yakaegeshwa. Watu wa Kibera na wa Kawangware walitembea kwa miguu hadi mjini kutafuta riziki, na lawama zote zikamwendea waziri. Hakurudi nyuma hata hatua moja. Baada ya muda magari yalirudi barabarani yakiwa na mikanda na mistari ya manjano.

Lakini jamani, tujiulize. Sheria ilisema 80. Je, gari lenyewe hujuaje kwamba limefika 80?

Katika Nissan na Toyota nyingi za zamani, zile zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, waya wa spidomita hutoka kwenye giaboksi. Huko nyuma ya giaboksi kuna kigurudumu chenye meno kinachozungushwa pamoja na propela shafti. Kwa hiyo spidomita haihesabu mizunguko ya tairi, bali ya propela. Katikati ya propela na tairi kuna difu. Difu ya 4.11 maana yake ni kwamba propela huzunguka mara 4.11 ili tairi lizunguke mara moja.

Sasa tuseme difu imekufa. Mwenye gari anakwenda Grogan kutafuta nyingine iliyotumika, anapata ya 3.70, na fundi wa jua kali pale Kawangware anaifunga. Gari linatoka likiwa zima kabisa. Kumbe propela ikizunguka vilevile kama zamani, tairi linazunguka zaidi. Piga hesabu: 80 mara 4.11, gawa kwa 3.70, unapata karibu 89. Mshale unasema 80, gari liko 89! Na kama kidhibiti mwendo kinapata habari zake hapohapo kwenye giaboksi, nacho kimedanganyika. Dereva hana hatia, askari haoni kosa, na sheria ya Michuki imevunjwa kimyakimya. Mwalimu wa fizikia atakwambia kwamba nishati ya gari hukua kwa mraba wa mwendo. Hizo kilomita 9 huongeza nishati ya kugongana kwa karibu asilimia 23.

Dawa yake si ghali. Fundi mwangalifu huhesabu meno ya difu ya zamani na ya mpya, kisha hubadilisha kile kigurudumu cha waya wa spidomita. Kama cha kwanza kilikuwa na meno 20, atatia cha meno 18, kwa sababu 20 mara 3.70, gawa kwa 4.11, ni 18. Meno yakipungua, waya huzunguka upesi zaidi na mshale husema kweli. Matairi yabaki ya ukubwa uleule, la sivyo hesabu inaanza upya. Mwisho gari hujaribiwa kwenye barabara kuu isiyo na msongamano, mahali penye kilomita iliyopimwa. Mshale ukikaa kwenye 60 bila kutikisika, kilomita moja ni dakika moja kamili. Ikiwa ni sekunde 54, difu bado inadanganya.

Michuki aliondoka Uchukuzi mwaka wa 2005 akapewa Usalama wa Ndani. Huko alilaumiwa sana mwaka wa 2006, polisi walipovamia gazeti la Standard naye akawatetea. Tangu 2008 hadi kufa kwake alikuwa Waziri wa Mazingira, akashughulikia kusafishwa kwa Mto Nairobi. Si kila mtu alimpenda, na ukali wake uliwaumiza wengine. Ila wapo watu wanaotembea leo kwa sababu mkanda uliwashika.

Waziri huandika sheria mara moja, lakini fundi ndiye huilinda kila siku. Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tutakuwa makanika, madereva ama wenye magari. Siku utakapobadilisha difu, usione uvivu kuhesabu meno. Abiria 14 waliofunga mikanda nyuma yako hawawezi kukuhesabia.