Denis Burkitt: Tabibu wa jicho moja aliyeitafuta kinga ya maradhi chakulani

NI matabibu wachache waliofanya kazi Afrika Mashariki ambao majina yao yamebaki katika vitabu vya tiba vya dunia nzima. Mmoja wao ni marehemu Denis Parsons Burkitt, daktari mpasuaji aliyehudumu Uganda kwa takriban miaka 20.

Saratani moja inayowapata watoto huitwa kwa jina lake hadi leo. Hata hivyo, robo ya mwisho ya karne aliyoishi aliitumia kuhubiri jambo jingine kabisa: kwamba maradhi mengi yanayojaza hospitali za mataifa tajiri yangeweza kuzuiwa kwa kurejea chakula alichokiona vijijini mwa Afrika.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 mjini Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Babaye, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali ambaye alitumia wakati wake wa mapumziko kuwachunguza ndege. Aliwavisha pete miguuni na kuchora ramani za mipaka ya kila mmoja wao. Desturi hiyo ya kuuliza kitu fulani kinapatikana wapi, na kinakomea wapi, mwana aliirithi.

Akiwa na umri wa miaka 11, Burkitt alipoteza jicho moja baada ya kupigwa jiwe katika ugomvi wa wanafunzi. Alijiunga na Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi, kisha akageukia udaktari na kufuzu mwaka wa 1935.

Mnamo 1938, baada ya kupata shahada ya upasuaji jijini Edinburgh, alisafiri hadi Manchuria, China, akiwa daktari wa meli. Mkristo mwenye imani thabiti, alirejea akiwa ameamua kuhudumu katika nchi za ng'ambo. Alipoomba kazi katika utumishi wa makoloni alikataliwa kwa sababu ya lile jicho.

Vita vya Pili vya Dunia vilimfungulia mlango uliokuwa umefungwa. Alijiunga na kikosi cha matabibu wa jeshi la Uingereza mwaka wa 1941, akapelekwa Kenya na Somalia. Vita vilipokwisha alikubaliwa Uganda. Kituo chake cha kwanza mwaka wa 1946 kilikuwa Lira, katika wilaya ya Lango, na miaka miwili baadaye akahamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala.

Huko Lira alitambua kwamba wanaume wenye mabusha walikuwa wengi upande wa mashariki wa wilaya na haba upande wa magharibi. Badala ya kuridhika na kuwapasua, aliorodhesha walikotoka na kuchapisha matokeo yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa ramani yake ya kwanza ya maradhi.

Ramani ya mauti

Mwaka wa 1957, mwenzake wa Mulago, Dkt Hugh Trowell, alimwita kumtazama mtoto aliyekuwa na uvimbe katika pande zote nne za mataya. Burkitt hakuwa ameona jambo kama hilo. Majuma machache baadaye, akiwa ziarani Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye hali hiyo hiyo.

Alifukua kumbukumbu za hospitali na kugundua kwamba uvimbe wa mataya, wa tumbo na wa viungo vingine, uliokuwa ukihesabiwa kuwa magonjwa mbalimbali, ulikuwa ugonjwa mmoja. Aliuandikia makala mwaka wa 1958.

Swali la pili lilikuwa lile la babaye: ugonjwa huu unakomea wapi? Alituma picha na maswali kwa hospitali nyingi za Afrika. Oktoba 1961 aliondoka Kampala na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa majuma 10 walisafiri kilomita 16,000 hivi hadi Afrika Kusini, wakizuru karibu hospitali 60.

Karibu na ikweta, ugonjwa ulitoweka penye mwinuko wa futi 5,000, yaani takriban mita 1,500. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka. Ilidhihirika kwamba kilichouzuia ugonjwa si mwinuko wenyewe bali baridi, na ulipungua pia mahali penye ukame.

Mkazi wa Kaaga, kitongoji cha Meru kilichoko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, hahitaji ramani kuelewa jambo hilo. Anaishi karibu na mwinuko huo huo, na anapoteremka kuelekea Tharaka na Mto Tana anaingia katika nchi ya joto na mbu. Burkitt na wenzake walihisi kwamba mbu walihusika, na utafiti uliofanywa nchini Kenya na kuchapishwa mwaka wa 1964 ukaelekeza kidole kwa malaria.

Wakati huo huo, Anthony Epstein, aliyemsikiliza Burkitt akihutubu London mwaka wa 1961, alianza kupokea vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Mwaka wa 1964 yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza virusi walivyovikuta ndani yake, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kampala hapakuwa na mitambo ya tiba ya miale, na kisu hakikufaa. Burkitt alijaribu dawa mpya za saratani, na kwa baadhi ya watoto uvimbe uliyeyuka kwa siku chache usirudi tena. Hii ikawa miongoni mwa saratani za kwanza kuponywa kwa dawa pekee.

Kutoka uvimbe hadi unga

Katikati ya miaka ya 1960 Burkitt alirejea Uingereza, tayari akiwa mashuhuri. Hapo ndipo alipokutana na Peter Cleave, aliyekuwa daktari wa jeshi la majini. Cleave alishikilia kwamba sukari na unga mweupe ndio mzizi wa maradhi mengi ya Wazungu.

Wengi walimpuuza Cleave, lakini Burkitt alikumbuka alichokiona. Katika miaka yake yote Mulago, wagonjwa Waafrika wenye kidole tumbo, mawe ya nyongo au saratani ya utumbo mpana walikuwa nadra. Trowell naye alikuwa ameandika mwaka wa 1956 kuhusu mgonjwa Mwafrika mwenye maradhi ya mishipa ya moyo kana kwamba ni ajabu. Huku Kenya, Dkt Cuthbert Donnison alikuwa amechapisha mwaka wa 1929 kwamba shinikizo la damu halikuonekana miongoni mwa wagonjwa wake wa Kavirondo Kusini.

Burkitt aliwaandikia madaktari wa hospitali za misheni barani Afrika na kwingineko, akiwaomba wamhesabie magonjwa hayo kila mwezi. Kisha akapima kitu ambacho wasomi waliona haya kukitaja: choo. Mwaka wa 1972 yeye na wenzake, Alec Walker na Neil Painter, walichapisha vipimo vya watu wapatao 1,200. Chakula cha wanavijiji wa Uganda kilipita mwilini kwa muda wa saa 35 hivi, ilhali cha mabaharia wa jeshi la Uingereza kilichukua zaidi ya saa 80.

Tofauti hiyo aliihusisha na nyuzinyuzi, yaani sehemu ya nafaka, kunde na mboga isiyosagwa na tumbo, ambayo viwanda huitupa vinapokoboa. Mwaka wa 1979 aliandikia umma kitabu kuhusu nyuzinyuzi kilichosomwa na watu wengi.

Katika mihadhara yake alionyesha mchoro wa mfereji ulioachwa wazi, maji yakifurika sakafuni, na watu wakipangusa kwa bidii bila yeyote kuufunga. Ndivyo alivyoiona tiba ya kisasa. Wazo hilo si geni: maandishi ya kale ya tiba ya Kichina, yenye umri wa takriban miaka 2,000, humsifu tabibu anayeshughulikia maradhi kabla hayajazuka.

Alikosea wapi, alipatia wapi

Si kila alilosema limesimama. Uchache wa wagonjwa katika hospitali za wakati ule ulitokana pia na watu kufa mapema, na vipimo kuwa haba. Mwaka wa 2000, tafiti mbili za Marekani hazikuona kwamba kuongeza nyuzinyuzi kulizuia vinyama vya utumbo kuota upya.

Lakini msingi wa hoja yake umepata nguvu. Mwaka wa 2015 watafiti walibadilishana vyakula kati ya Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini. Kwa majuma mawili tu, dalili za hatari ya saratani utumboni zilipungua kwa Wamarekani na kuongezeka kwa wanakijiji. Mapitio yaliyofanywa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2019 yalipendekeza gramu 25 hadi 29 za nyuzinyuzi kwa siku.

Burkitt alifariki Machi 23, 1993 nchini Uingereza akiwa na umri wa miaka 82. Hakuishi kuona Afrika Mashariki ikibadilishana nafasi na Ulaya. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na shinikizo la damu, na kwamba zaidi ya tisa kati ya kila kumi hawakula matunda na mboga za kutosha.

Mijini, Meru ikiwemo, anayeogopa maradhi hayo hutafuta kinga dukani: mitishamba ya Kichina, vidonge vya kusafisha damu, au mtu anayedai kuponya kwa nguvu za mikono. Burkitt asingeuliza dawa imetoka nchi gani. Angeuliza imejaribiwa kwa watu wangapi, na mgonjwa amekula nini miaka yote kabla ya kuinunua.

Kaaga na vijiji jirani, jibu la swali hilo la pili lilikuwa githeri ya mahindi yasiyokobolewa na maharagwe, njahi, nduma, viazi vitamu na uji wa wimbi. Akina mama waliovipika vyakula hivyo hawakuvihesabu kuwa dawa. Leo mkate mweupe, chipsi na soda vimechukua nafasi yake katika nyumba nyingi, ingawa mbegu za wimbi na njahi bado zinauzwa sokoni.