Maisha ya Matia Mulumba, Mwalimu wa Nyumba Yake

Kila mwaka tarehe 3 Juni tunawakumbuka Mashahidi wa Uganda, na karibu kila mtoto wa shule anaweza kutaja majina ya Karoli Lwanga na Kizito. Lakini nimeona kwamba jina la Matia Mulumba Kalemba hutajwa upesi na kupitwa. Nataka kuwasimulia habari za mzee huyu, kwa sababu yeye hakuwa kijana wa ikulu. Alikuwa mtu mzima mwenye mke, watoto na cheo, naye aligeuza nyumba yake ikawa shule. Sisi wa Manibe, tulio mbali sana na Namugongo, tuna jambo kubwa la kujifunza kwake.

Matia alizaliwa katika nchi ya Busoga yapata mwaka 1836. Alipokuwa bado mtoto, Waganda waliokwenda huko kuteka watu walimkamata pamoja na mama yake, wakamleta Buganda, naye akauzwa utumwani. Mtu aliyemnunua aliitwa Magatto. Mtu huyu alikuwa wa jamaa moja na Mukasa, ambaye baadaye alipata kuwa Katikiro, yaani waziri mkuu wa Kabaka. Tafadhali likumbukeni jina hilo la Mukasa, maana tutakutana nalo tena.

Magatto hakumtendea yule mtoto kama mtumwa. Alimlea kama mwanawe. Baadaye watu wakamwita Kalemba. Magatto alipokufa, Kalemba aliendelea kukaa kwa ndugu yake Magatto, akawa mkuu wa watumishi wote wa nyumba. Mwishowe akaingia katika kazi ya Mukwenda, chifu mkubwa wa jimbo la Singo, akapewa cheo cha Mulumba, akawasimamia machifu wadogo kadhaa.

Inasimuliwa kwamba Magatto, kabla ya kufa, aliwaambia watoto wake kuwa dini ya kweli ilikuwa bado haijafika Buganda, na kwamba siku moja wangekuja watu wa kuifundisha. Kalemba aliyashika maneno hayo. Kwanza akafuata Uislamu. Walipokuja Waprotestanti, akasoma kwao, kwa Bwana Mackay na wenzake. Mwaka 1879 wakafika Mapadre Weupe. Wa kwanza walikuwa Padre Lourdel na Bruda Amans, walioshuka pwani karibu na Entebbe mwezi wa Februari. Watu wa Mukwenda walipopewa kazi ya kuwajengea mapadre nyumba, Kalemba alikuwa miongoni mwao. Hapo akawaona kwa karibu namna walivyoishi, akasikiliza mafundisho yao, akauliza na kuuliza tena. Mwaka 1880 akaanza kufundishwa nao, na tarehe 28 Mei 1882 akabatizwa kwa jina la Matia, siku moja na rafiki yake Luka Banabakintu. Alikuwa na wake wengi kwa desturi ya watu wa cheo chake. Akabaki na mmoja tu.

Hapa nataka kueleza jambo moja kuhusu elimu. Shule za kale za Kanisa huko Ulaya zilikuwa na ngazi tatu za kwanza: sarufi, mantiki na balagha. Mwanafunzi kwanza hujifunza maneno na kuyaweka moyoni. Kisha hujifunza kupima hoja, ipi ni kweli na ipi si kweli. Mwisho hujifunza kuwaeleza wengine vizuri yale aliyoyaelewa. Hata leo wako wazazi Wakatoliki, hasa Marekani, wanaowafundisha watoto wao nyumbani kwa utaratibu huo. Matia hakuingia katika shule ya namna hiyo. Hata hivyo, nikiyatazama maisha yake, naona kwamba ngazi zote tatu alizipanda. Aliyaweka moyoni maswali na majibu ya Katekisimu. Alipima mafundisho ya walimu wa namna tatu kabla ya kukata shauri. Ngazi ya tatu aliipanda pale alipoachwa bila padre.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa Novemba 1882, miezi michache tu baada ya ubatizo wa Matia, mapadre waliona hatari inawakaribia, wakaondoka Buganda, wakaenda kukaa kusini ya ziwa. Kabaka Mutesa akafa mwaka 1884, Mwanga akatawala, na mapadre hawakurudi mpaka Julai 1885. Karibu miaka mitatu hapakuwa na Misa, wala kitubio, wala mwalimu kutoka nje. Mtu yeyote angedhani kwamba dini changa kama hiyo ingekufa.

Haikufa, kwa sababu Wakristo wenyewe waligawana kazi. Jozefu Mukasa Balikuddembe aliwaangalia vijana wa ikulu. Andrea Kaggwa alifundisha nyumbani kwake. Huko Mityana, katika Singo, kazi iliongozwa na Matia, akisaidiwa na Luka na Noe Mawaggali mfinyanzi. Walikusanyika katika nyumba zao, wakasali, wakafundishana. Baba alimfundisha mke na watoto, na jirani alimfundisha jirani. Katika Kiganda neno la kusoma lilitumika pia kwa maana ya kufuata dini, na waongofu wakaitwa wasomaji. Mimi naona jina hilo ni zuri sana, kwa kuwa kwao kitabu na sala vilikwenda pamoja.

Matia hakufundisha kwa maneno tu. Ingawa alikuwa mtu wa cheo, alibeba mizigo yake mwenyewe, na alifanya kazi ya kutengeneza ngozi apate riziki kwa mikono yake. Watu wengine walimcheka, maana chifu kubeba mzigo lilikuwa jambo la aibu. Mapadre waliporudi, yeye na wenzake walitembea kutoka Mityana mpaka kwao, mwendo wa kilomita sabini hivi kwa barabara ya leo, wapate kusikia Misa na mafundisho, kisha wakarudi kuwaeleza wale waliobaki. Kufika mwaka 1886, wasomaji wa Mityana walikuwa yapata mia mbili.

Sisi tunaweza kuielewa habari hii kuliko wanafunzi wengi waliotutangulia. Mwezi wa Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na madarasa mengine hayakurudi sawasawa mpaka Januari 2022. Hapa Manibe masomo ya redio yalisikika kwa wenye redio tu. Kwetu, mama alituketisha chini ya mwembe kila asubuhi kabla ya kwenda shambani. Yeye aliishia darasa la tano. Vitabu vilikuwa viwili, Katekisimu ya Kilugbara na kitabu cha hesabu kilichopasuka jalada. Tulisoma kidogo, tukakariri, na jioni mkubwa alimweleza mdogo aliyoyashika. Sisi wote tulirudi darasani. Baadhi ya wenzetu, ambao nyumbani kwao hapakuwa na mtu wa kuwauliza hata swali moja, hawakurudi mpaka leo. Tena wazee wetu wanakumbuka miaka iliyofuata vita vya 1979, watu wa West Nile walipokimbilia Zaire na Sudan. Kwa hiyo tusidhani kwamba shule iko milele. Yaweza kufungwa siku yoyote.

Sasa nirudi kwa Matia na mwisho wake. Mwezi wa Mei 1886 Kabaka Mwanga alitoa amri wasomaji wauawe. Matia na Luka hawakukimbia. Walifungwa, na tarehe 27 Mei wakaletwa mbele ya Katikiro Mukasa, yule yule wa jamaa ya Magatto. Hivyo mtoto aliyelelewa na jamaa hiyo akahukumiwa na mtu wa jamaa hiyo hiyo. Katikiro alimdhihaki kwa kuwa mtu mzima kama yeye ameshika dini ya Wazungu, kisha akaamuru auawe kwa mateso makali.

Wafungwa walikuwa wakipelekwa Namugongo. Walipofika Kampala ya Kale, Matia aliomba auawe papo hapo. Wauaji wakamkata mikono na miguu, wakamtoa vipande vya nyama mgongoni, wakaifunga mishipa yake ili asife upesi, wakamwacha peke yake. Inasimuliwa kwamba watu waliokwenda kukata matete walisikia sauti yake ikiomba maji, wakaogopa, wakakimbia. Alikufa yapata tarehe 30 Mei, naye alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi. Siku iliyofuata waporaji walifika Mityana, wakamwua Noe kwa mikuki, wakaiteka nyumba ya Matia, wakamchukua mkewe na watoto. Luka aliuawa Namugongo tarehe 3 Juni, siku moja na Karoli Lwanga.

Mwaka 1920 Kanisa liliwatangaza Mashahidi wale 22 kuwa wenye heri, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita akawatangaza kuwa watakatifu. Matia anaheshimiwa kuwa msimamizi wa machifu na wa jamaa. Huko Kampala ya Kale lipo kanisa lenye jina lake.

Basi, wasomaji wenzangu, Matia hakuwa na ubao, wala chaki, wala mshahara wa ualimu. Alikuwa na mambo machache aliyoyajua barabara, na nyumba ambayo mlango wake ulikuwa wazi. Mwalimu alipoondoka, masomo yaliendelea. Likizo inakuja. Kila mmoja wetu ana mdogo wake nyumbani asiyejua kusoma vizuri. Tumketishe, tumfundishe sala moja na ukurasa mmoja kila siku, naye amfundishe mwingine.