Mtakatifu Karoli Borromeo na Tauni ya Milano

Kila tarehe 4 Novemba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Karoli Borromeo, Askofu Mkuu wa Milano. Kwetu Kyela sikukuu hiyo huangukia majira ambayo mkulima hutazama mawingu juu ya Ziwa Nyasa na kuandaa majaruba yake ya mpunga, ambamo panya nao wamo. Ugonjwa uliomtambulisha askofu huyu kwa ulimwengu ulitokana na wanyama hao.

Alizaliwa Arona, Italia, mwaka 1538, katika ukoo tajiri. Mjomba wake alipokuwa Papa Pius IV, Karoli alifanywa kardinali akiwa na umri wa miaka 21, jambo ambalo leo lingetukwaza. Cheo hakikumlevya. Alisaidia kukamilisha Mtaguso wa Trento, kisha akaenda kuishi jimboni mwake, wakati maaskofu wengi walikaa mbali na kondoo wao.

Mwaka 1576 tauni iliingia Milano. Gavana na wakubwa wengi wakakimbia. Karoli akaandika wosia, akabaki. Aliingia katika kambi ya wagonjwa akiwapa sakramenti, na mapazia ya jumba lake yakashonwa nguo za maskini. Watu walipoamriwa kujifungia nyumbani, aliagiza altare ziwekwe kwenye njia panda, washiriki Misa wakiwa madirishani. Aliongoza maandamano ya toba peku, kamba shingoni. Watu wapatao 17,000 walikufa kabla tauni haijakoma mapema mwaka 1578. Yeye haikumgusa, alifariki mwaka 1584, akatangazwa mtakatifu mwaka 1610.

Hakujua chanzo. Bakteria wa tauni, ambao hukaa katika panya wa porini na kuhamishwa na viroboto, walitambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894 tu. Hata hivyo Karoli, mtu wa sala na mfungo, hakudharau tahadhari za zama zake: akitoka kwa wagonjwa alijiepusha kugusana na wazima. Hilo hatulisikii mara nyingi katika mahubiri, nasi tunaona lingestahili.

Tauni haikuishia Ulaya. Wilayani Lushoto iliwatesa watu kwa miaka mingi tangu 1980. Na upo ugonjwa mwingine wa bakteria wa panya, homa ya mgunda, ulioua watu watatu wilayani Ruangwa, Lindi, mwaka 2022. Huu hauhitaji kiroboto. Panya hubeba bakteria katika figo na kuwamwaga kwa mkojo. Maji na tope huwahifadhi. Nao humwingia mtu kupitia mchubuko, macho au kinywa. Msomaji anayejua jinsi Kiwira, Mbaka na Songwe zinavyofurika mashambani, nasi tukisimama peku majini kutwa, ataona mara moja hatari iko wapi. Viatu vya mpira ni ghali kwa wengi, lakini kidonda cha mguu kinaweza kufunikwa, na mpunga uliovunwa unaweza kuhifadhiwa mbali na chumba cha kulala.

Homa hii huja na maumivu makali ya kichwa na ya misuli ya miguu, na pengine macho mekundu au ya manjano. Wengi hununua dawa za malaria dukani na kungoja. Hutibika kwa antibiotiki ikiwahiwa; kwa hiyo mgonjwa afikapo zahanati amweleze mganga kwamba ametoka jarubani.