Ernst May: Alijenga miji Ulaya, akaanza upya na jembe Arusha

Kijana, kama uko Kotile na umemaliza kidato cha nne, bila shaka umeshaulizwa swali ambalo kila mtu huuliza: sasa utasomea nini? Ukijibu kwamba unataka kuchora nyumba, kuna watakaocheka. Watakwambia hiyo ni kazi ya watu wa Nairobi. Wengine watauliza ramani ni ya nini, ilhali fundi ana nyumba nzima kichwani.

Kabla hujakunja ndoto yako na kuitia mfukoni, keti kivulini nikusimulie habari za mtu mmoja aliyeishi kwa kalamu na rula. Alikuwa mkubwa, akapoteza kila kitu, akaja kulima hapa Afrika Mashariki, kisha akarudi mezani kuchora. Kazi zake ziko Moshi, Kampala, Nairobi na Kisumu. Utamsifu, lakini pia kuna mahali utamkasirikia. Yote mawili ni masomo.

Jina lake ni Ernst May. Alizaliwa mwaka wa 1886 katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Alisomea usanifu kwao na Uingereza pia. Akiwa bado kijana alipata nafasi ya kufanya kazi chini ya Raymond Unwin, Mwingereza aliyekuwa gwiji wa kupanga vitongoji vyenye bustani. Huko ndiko alikojifunza jambo ambalo hakuliacha maisha yake yote: nyumba haianzi na ukuta, inaanza na mahali. Jua linatoka wapi? Upepo unavuma kutoka wapi? Maji ya mvua yatapita wapi?

Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, Ujerumani ilikuwa hoi. Watu hawakuwa na makao. May akapelekwa eneo la Silesia kujenga nyumba ndogo za bei nafuu mashambani. Pesa zilikuwa chache, watu wengi. Basi akaanza kufikiria kama fundi mwenye haraka: kwa nini kila nyumba ichorwe upya kana kwamba haijawahi kujengwa nyumba duniani?

Mwaka wa 1925 alirudi Frankfurt akiwa mkuu wa ujenzi wa mji mzima. Hapo ndipo alipowika. Katika muda wa miaka 5 tu yeye na wenzake walijenga nyumba zaidi ya 10,000. Si mchezo.

Aliwezaje? Siri ilikuwa kwenye michoro. Mlango mmoja ulichorwa vizuri mara moja, ukatumika katika maelfu ya nyumba. Dirisha vivyo hivyo. Vipande vya ukuta vilimwagwa kiwandani, vikabebwa hadi kwenye ploti na kupandishwa kwa winchi. Hata jiko lilichorwa mara moja. Kazi hiyo ilifanywa na mwanamke, Margarete Schütte-Lihotzky, mwaka wa 1926. Alipima hatua ambazo mpishi hupiga kutoka jikoni hadi kabatini, akapanga kila kitu katika chumba chenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi. Majiko ya namna hiyo yalitiwa katika nyumba karibu 10,000, na makabati ya jikoni unayoyaona leo kwenye fleti za mjini yanatokana na wazo hilo.

Zingatia jambo hili, kwa sababu lina uhusiano na kompyuta unayotamani kuitumia. Leo ukifungua programu ya kuchora kama AutoCAD, unachora dirisha mara moja, unalihifadhi, kisha unalibandika popote upendapo. Ukibadilisha lile la kwanza, mengine yote yanabadilika. Watu wa May walifanya hivyo kwa wino, karatasi na rula, miaka mingi kabla ya kompyuta kufika ofisini. Mashine ilikuja kurahisisha tu, akili yenyewe ilikuwepo.

Mwaka wa 1930 Warusi walimwita. Walitaka miji mipya ijengwe haraka karibu na viwanda vyao, na May akaenda na kundi la wataalamu wenzake. Mji maarufu zaidi kati ya ile waliyoishughulikia ni Magnitogorsk, mji wa chuma. Lakini huko mambo yalimwendea vibaya. Vifaa vilikuwa haba, amri zilibadilika kila kukicha, na wakubwa wa Moscow wakaanza kuichukia michoro ya aina yake. Kufikia mwisho wa 1933 hapakuwa na kazi tena kwake.

Sasa arudi wapi? Nyumbani Hitler alikuwa ameshika madaraka mwaka huo huo. May alikuwa na damu ya Kiyahudi, na siasa zake hazikupendwa na Wanazi. Kurudi kungekuwa kujitia kitanzi.

Fikiria hali hiyo. Una umri wa miaka 47, una mke na watoto wawili wa kiume. Umejenga mtaa baada ya mtaa, na sasa huna nchi. Ungefanya nini?

May aliabiri meli, akaja Tanganyika. Mwaka wa 1934 alinunua shamba karibu na Arusha, mtu aliyekuwa hajawahi kulima maishani mwake. Yule aliyeongoza ofisi nzima ya wachoraji akawa anaamka alfajiri kuangalia miche. Alijenga nyumba ya familia yake mwenyewe. Hakukaa kitako kulilia cheo, alishika kilichokuwepo.

Lakini ufundi hauozi. Mwaka wa 1937 aliliacha shamba na kufungua ofisi ya usanifu Nairobi. Akaanza na kazi za kawaida: nyumba za watu binafsi, maduka, fleti. Kidogo kidogo jina likarudi.

Ndipo vita vya pili vikalipuka. Waingereza waliotawala Kenya walimwona kama Mjerumani tu, yaani adui, hata kama alikuwa amewakimbia Wanazi. Walimkamata, wakampeleka kizuizini Afrika Kusini, akakaa huko kwa zaidi ya miaka miwili. Ebu ona: kwao anatafutwa kwa kuwa si Mjerumani wa kutosha, huku anafungwa kwa kuwa Mjerumani. Alipoachiliwa alirudi Kenya, akafungua tena meza yake.

Mwaka wa 1945 serikali ya Uganda ilimpa kazi kubwa, kupanga upanuzi wa mji wa Kampala katika vilima vya Kololo na Naguru. Hapa ndipo nilipokwambia utakasirika.

Kwa upande wa ufundi, kazi ilikuwa safi. Hakulazimisha barabara zilizonyooka kama rula juu ya vilima. Alizifuatisha mikunjo ya ardhi, akaacha mabonde yawe ya kijani. Lakini alichora pia ubaguzi. Kololo iliwekwa kwa Wazungu na Wahindi, Naguru kwa Waafrika, na bonde katikati likawa kama ukuta. May aliamini kwamba Mwafrika lazima aongozwe hatua kwa hatua hadi aweze kuishi mjini, na kwamba wa kuamua kasi ya hatua hizo ni wataalamu kama yeye. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya damu yake alikubali kuwapanga wengine kwa rangi za ngozi zao.

Wakati huo huo alibuni nyumba ya bei rahisi ya wafanyakazi Waafrika. Ilikuwa ya vipande vya zege vilivyopinda, vinavyotundikwa kimoja kwa kingine kwa kulabu hadi vikutane juu, ikawa na umbo linalofanana na kibanda cha asili. Kiufundi lilikuwa wazo la busara: vipande vichache, mafundi wachache, siku chache. Lakini nyumba hizo hazikuenea. May alikadiria mwenyewe kile ambacho Mwafrika angependa. Watu waliokuwa wakihamia mijini siku zile walikuwa na maono yao wenyewe, na hawakuwa ndio walioshika kalamu.

Linganisha na Moshi. Huko mteja alikuwa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Hawa hawakungoja kupangiwa. Walikuwa na pesa zao za kahawa, wakaagiza jengo walilolitaka: ofisi, maduka, ukumbi, mahali pa kulala wageni na nafasi ya masomo. May na wenzake wakachora, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 jengo likasimama katikati ya mji. Bado lipo mpaka leo. Mchoraji ni yule yule, lakini matokeo ni tofauti, kwa sababu safari hii Mwafrika ndiye aliyekuwa akisema nini kijengwe.

Alifanya mengine pia. Kisumu kuna shule ya wasichana ya Aga Khan, na Mombasa alisanifu Oceanic Hotel, iliyoelekezwa baharini ili vyumba vipate upepo. Mwishoni mwa 1953, wakati Kenya ikiwa katika hali ya hatari na vita vya Mau Mau vikiendelea, alifunga virago na kurudi Ujerumani. Huko akaanza tena, akiwa na miaka 67, kupanga nyumba za watu waliobomolewa na vita. Alifariki Hamburg mwaka wa 1970.

Sasa turudi Kotile.

Angalia majengo yanayokuzunguka. Mabati juu, mawe au matofali chini, madirisha madogo yanayotazama popote. Saa nane mchana ndani hakukaliki, watu wanahamia chini ya mti. Angalia tena aqal, nyumba ya fito zilizopindwa na mikeka ambayo mama hujenga na kubeba juu ya ngamia. Hiyo inapumua. Inashika kivuli na kuruhusu upepo, na haina hata msumari mmoja.

Sisi tuko karibu na ikweta. Jua linachomoza mashariki na kuzama magharibi, na linapopita utosini kuta za kaskazini na kusini hupata afueni. Basi nyumba ndefu ikielekezwa sawasawa, ukuta mfupi ndio unaochomwa asubuhi na jioni. Hilo halihitaji pesa zaidi, linahitaji mtu wa kulichora kabla fundi hajachimba msingi. Na Tana ikifurika, ni nani anayejua maji hufika wapi, kama si mtu aliyekulia hapo? Mchoro wa shule au zahanati ukitoka mbali, mchoraji wake huenda hajawahi kuona mto huo ukijaa.

Kwa hiyo usikubali kuambiwa kazi hii si ya kwetu. Njia ziko kadhaa. Ukiwa na C+ ya jumla kwenye KCSE pamoja na alama nzuri za masomo husika, unaweza kuomba digrii ya usanifu majengo katika vyuo kama Chuo Kikuu cha Nairobi, JKUAT au Technical University of Kenya. Ni safari ya miaka mitano au sita, na baada yake kuna mafunzo kazini na mitihani ya bodi inayosajili wasanifu, BORAQS. Bila usajili huo sheria haikuruhusu kujiita msanifu majengo.

Kama hukufikisha alama hizo, usilie. Diploma kwa kawaida hutaka C-, cheti hutaka D, na chini ya hapo kuna kozi za ufundi stadi. Vyuo vya kiufundi hufundisha usanifu, ujenzi na uchoraji wa ramani kwa kompyuta. Garissa mjini kuna North Eastern National Polytechnic. Nenda uulize ana kwa ana ni kozi zipi zinafunguliwa mwaka huu kabla hujajaza fomu ya KUCCPS. Mwenye diploma anaweza kuajiriwa kama mchoraji katika ofisi ya msanifu, na baadaye akaendelea hadi digrii.

Na huku ukingoja, anza. Chukua futi ya kupimia, pima nyumba yenu, uichore kwenye karatasi ya miraba. Weka alama ya kaskazini. Andika chumba kipi huwa na joto na saa ngapi. Muulize mama yako angehamisha nini kama angeweza. Swali hilo la mwisho May alisahau kuuliza Kampala, na kosa lake linaonekana hadi leo.