Adolf von Baeyer: Jamaa wa rangi aliyefika hadi utumboni

Ushawahi kuingizwa kamera kupitia huko nyuma? Usione haya, wengi wameingizwa. Daktari akitafuta vidonda au saratani kwenye utumbo mpana, anakata kinyama kidogo, kinaenda maabara, nawe unabaki nyumbani siku kadhaa na wasiwasi wako. Lakini siku hizi kuna kamera yenye hadubini inayoonyesha seli za utumbo papo hapo, ungali umelala pale kitandani. Siri yake ni rangi iliyotengenezwa na mzee aliyefariki 1917.

Adolf von Baeyer alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1835, babake akiwa mwanajeshi na mpima ardhi. Manze, huyu dogo alipenda rangi! Alipofikisha miaka 13 alijinunulia kipande cha nili, ile buluu ya jinzi yako. Miaka mingi baadaye aliitengeneza nili mwenyewe maabarani, na kazi yake ya rangi ikampa Nobel ya kemia 1905.

Turudi 1871. Baeyer alikuwa mwalimu wa chuo cha ufundi hapo Berlin, mshahara kiduchu, maabara kubwa. Akachanganya kemikali mbili, akazipasha moto, akapata unga wa rangi nyekundu-machungwa. Utie kwenye maji yenye magadi kidogo, umulike kwa mwanga wa buluu, utaona kijani kinachowaka kama reflekta ya mtu wa boda. Baadaye ukaitwa floresini.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kusuluhisha ugomvi wa maji. Kusini mwa Ujerumani, mto Danube huzama ardhini, na watu walibishana yanakoelekea maji hayo. Mwaka 1877 wakamwaga kilo 10 za floresini pale yanapozama. Siku mbili na ushei baadaye, chemchemi ya Aach, kama kilomita 12 hivi kutoka hapo, ikabubujika kijani. Ubishi ukaisha.

Sasa weka utumbo wako mahali pa Danube. Mwaka 2004, madaktari wa Mainz, huko huko Ujerumani, walionyesha kwamba mgonjwa akidungwa floresini mshipani, rangi hufika utumboni kwa sekunde chache. Leza ya buluu kwenye ncha ya kamera huiwasha, na picha hukuzwa kama mara 1,000. Ukuta mzima huizuia rangi. Wenye uvimbe huivujisha, na daktari anaona kabisa inapotokea.

Si muujiza, lakini. Floresini haionyeshi vizuri kiini cha seli, kwa hivyo penye shaka ya saratani bado kinyama kitakatwa tu.

Na ukidungwa, ngozi yako inaweza kugeuka manjano kwa saa kadhaa, na mkojo vilevile. Usipigie daktari simu usiku wa manane. Ni mzee Baeyer huyo anatoka.